Ferdinand Porsche: Mwana wa fundi bati aliyeunda gari la mseto mwaka wa 1900

JINA Porsche likitajwa leo, akilini mwa wengi huja picha ya gari la michezo, la bei ya kutisha, lenye injini inayonguruma. Ni wachache wajuao kwamba mwenye jina hilo alijipatia sifa zake za kwanza kwa magari yasiyonguruma kamwe, yaliyoendeshwa kwa umeme. Aidha, alipotimiza umri wa miaka 25 alikuwa tayari ameunda gari lililochanganya umeme na petroli. Hilo ndilo gari ambalo siku hizi huitwa gari la mseto, na ambalo wengi hudhani lilivumbuliwa nchini Japani katika miaka ya tisini.

Ferdinand Porsche alifariki Januari 30, 1951, akiwa na umri wa miaka 75. Kwa muda wa nusu karne alijaribu takriban kila njia iliyojulikana wakati wake ya kuliendesha gari, na mara kwa mara alirejea kwenye fumbo lile lile. Mota ya umeme ni mtumishi hodari wa gurudumu, lakini chakula chake kibebwe vipi? Wahandisi wa leo wanaobishana kuhusu betri, hidrojeni na mseto wangali wanalitegua fumbo hilo.

Alizaliwa Septemba 3, 1875 katika kijiji cha Maffersdorf, eneo la Bohemia, lililokuwa wakati huo chini ya milki ya Austria na Hungary. Siku hizi kijiji hicho huitwa Vratislavice, nacho kimo ndani ya mji wa Liberec katika Jamhuri ya Czech. Baba yake, Mzee Anton, alikuwa fundi bati mwenye karakana yake mwenyewe. Kaka mkubwa aliyetarajiwa kuirithi karakana hiyo alifariki katika ajali ya kazini, na matumaini yote ya mzee yakamwangukia Ferdinand.

Hata hivyo, moyo wa kijana huyo haukuwa kwenye bati. Kijijini kulikuwa na kiwanda cha mazulia kilichomilikiwa na familia ya Ginzkey, na kiwanda hicho kilikuwa na umeme, kitu kilichokuwa kigeni kabisa kwa wanakijiji. Ferdinand hakubanduka hapo. Mchana alifua bati pamoja na baba yake, usiku akaenda kusoma katika shule ya ufundi mjini. Kabla ya kuondoka nyumbani alikuwa ameiwekea nyumba ya wazazi wake taa za umeme kwa mikono yake.

Mnamo 1893, akiwa na umri wa miaka 18, alifunga virago na kwenda Vienna, ambako aliajiriwa na kampuni ya vifaa vya umeme ya Béla Egger. Alianza na kazi duni, lakini baada ya miaka michache tu alikuwa mkuu wa idara ya majaribio. Jioni alijipenyeza katika mihadhara ya chuo kikuu cha ufundi cha mji huo bila ya kuwa mwanafunzi aliyesajiliwa. Shahada za udaktari zilizokuja kutangulia jina lake miaka mingi baadaye zilikuwa za heshima, kwani hakuwahi kuhitimu chuo kikuu chochote.

Wakati huo Vienna ilikuwa na kampuni mashuhuri ya kuunda magari ya kukokotwa na farasi, mali ya Ludwig Lohner, iliyohesabu familia za kifalme miongoni mwa wateja wake. Lohner alitambua kwamba zama za farasi zinayoyoma, lakini hakuvutiwa na injini ya petroli. Alihofia kwamba magari ya aina hiyo yakiwa mengi yangeichafua hewa ya miji kwa moshi. Hoja hiyo imekuja kusikika upya zaidi ya miaka mia moja baadaye, kana kwamba ni uvumbuzi wa juzi.

Ikumbukwe kwamba petroli ilikuwa bado haijatawazwa. Takwimu za Marekani za mwaka wa 1900 zinaonyesha kwamba kati ya magari 4,192 yaliyoundwa nchini humo, 1,681 yaliendeshwa kwa mvuke, 1,575 kwa umeme na 936 pekee kwa petroli. Aliyebashiri ushindi wa umeme siku hizo hakuwa mwotaji wa ndoto za mchana.

Gari la kwanza ambalo Porsche alishiriki kuliunda, la kampuni za Egger na Lohner, lilitoka barabarani mjini Vienna Juni 1898. Lilikuwa na uzito wa kilo 1,350, na kati ya hizo kilo 500 zilikuwa za betri peke yake. Mwendo wake wa juu ulikuwa kilomita 35 kwa saa, na betri ikiwa imejaa liliweza kwenda takriban kilomita 80.

Mwezi wa Septemba mwaka uliofuata liliingizwa katika mashindano ya magari ya umeme mjini Berlin, ya umbali wa kilomita 40. Porsche mwenyewe ndiye aliyelishika usukani. Alimtangulia mshindani wake wa karibu kwa dakika 18, huku zaidi ya nusu ya washiriki wakishindwa kabisa kufika mwisho wa safari. Mtoto wa fundi bati alirejea Vienna na nishani ya dhahabu, na punde si punde akahamia kwa Lohner.

Huko ndiko alikoonyesha upeo wa kipaji chake. Magari ya enzi hizo yalisafirisha nguvu kutoka kwenye injini hadi kwenye magurudumu kwa minyororo, mikanda na gia, na njiani nguvu nyingi ikapotea bure. Porsche aliviondoa vyote. Aliiweka mota ndani ya kitovu cha gurudumu la mbele, gurudumu likawa ndilo mota. Gari hilo, lililojulikana kama Lohner-Porsche, lilionyeshwa katika maonyesho makubwa ya dunia mjini Paris mnamo 1900, na likawaacha wageni vinywa wazi. Rova iliyotembezwa mwezini na wanaanga wa Marekani mwaka wa 1971 nayo ilikuwa na mota katika kila gurudumu.

Usahili huo ulikuwa na gharama yake. Gurudumu lenye mota ndani ni zito, na barabara za mawe za wakati huo ziliyatesa magurudumu hayo bila huruma. Lakini dhiki kubwa zaidi ilitoka kwenye betri.

Kilo moja ya betri ya risasi na asidi, ambayo ndiyo aliyokuwa nayo Porsche, huhifadhi takriban wati 30 za saa moja. Kilo moja ya petroli imebeba takriban wati 12,000 za saa moja, yaani mara 400 zaidi. Hata ukizingatia kwamba injini za wakati huo zilipoteza sehemu kubwa ya nishati hiyo kama joto na moshi, pengo lililobaki lilikuwa kama la mbingu na ardhi. Dereva wa petroli aliyeishiwa njiani aliweza kununua mkebe dukani. Wa umeme ilimbidi atafute mahali penye umeme, na mahali penyewe hapakuwapo, kisha asubiri saa nyingi.

Mfano bora wa dhiki hiyo ni gari aliloagiza Mwingereza mmoja, E. W. Hart wa mji wa Luton. Bw Hart alitaka gari lenye kasi na uwezo wa kwenda mbali, na Porsche akamuundia moja lenye mota katika magurudumu yote manne. Huenda ndilo lililokuwa gari la kwanza la abiria duniani kusukumwa na magurudumu yote manne. Ila betri zake peke yake zilikuwa na uzito wa kilo 1,800. Gari lilijibeba lenyewe, na abiria wakawa kama nyongeza.

Kijana mwingine angelikata tamaa, au angeliongeza betri juu ya betri. Porsche aligeuza swali. Ikiwa umeme ni mzito kubeba, kwa nini usizalishwe humo humo safarini?

Jibu lake lilikuwa gari aliloliita Semper Vivus, maneno ya Kilatini yenye maana ya aliye hai daima, aliloliunda mwaka wa 1900. Ndani yake alitia injini mbili ndogo za petroli kutoka kampuni ya Ufaransa ya De Dion-Bouton. Injini hizo hazikuunganishwa na magurudumu hata kidogo. Kila moja ilizungusha jenereta yake, jenereta zikatoa umeme, umeme ukaingia kwenye mota za magurudumu ya mbele, na ziada ikahifadhiwa katika betri iliyopunguzwa ukubwa. Gari liliweza kwenda umbali mfupi kwa betri pekee, injini zikiwa zimezimwa. Zikiwashwa, safari ya kilomita 200 ikawezekana.

Wahandisi huuita mpangilio huo mseto wa mfululizo, kwa sababu nguvu hupitia injini, kisha jenereta, kisha mota, bila njia ya mkato. Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1997 na kuufanya mseto kuwa kitu cha kawaida, ina mpangilio tofauti: injini na mota zote mbili zaweza kulisukuma gari. Iliyo karibu zaidi na wazo la Porsche ni Nissan Note e-Power ya mwaka wa 2016, ambayo wakazi wa Nairobi wameizoea kupitia magari yaliyokwisha kutumika yanayoingizwa kutoka Japani. Injini yake ya petroli kazi yake ni kuzalisha umeme tu. Dereva wa gari hilo anapopita katika barabara ya Ngong ameketi juu ya fikra ya mwaka wa 1900.

Semper Vivus lilifuatwa mwaka wa 1901 na gari lililoitwa Mixte, lenye injini moja kubwa ya Daimler upande wa mbele na betri ndogo zaidi. Mwaka wa 1902, Porsche alipoitwa kutumikia jeshi la akiba, alimwendesha Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha ufalme wa Austria na Hungary, wakati wa mazoezi ya kijeshi. Ni Franz Ferdinand yuyo huyo ambaye kuuawa kwake Sarajevo mwaka wa 1914 kuliwasha Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kwa jumla, magari ya Lohner-Porsche yaliyouzwa hadi 1906 yalikuwa takriban 300, na mengi yalikuwa ya umeme mtupu, si ya mseto. Wanunuzi wenyewe wanafunza mengi. Miongoni mwao kilikuwamo kikosi cha zimamoto cha Vienna. Gari la zimamoto hushinda kituoni siku nzima, betri yake ikijazwa, kisha hutoka ghafla, hukimbia kilomita chache, na kurudi pale pale. Kazi ya namna hiyo haidai betri kubwa, nayo mota ya umeme huondoka mara moja pasi na kuzungushwa kwa mkono kama injini za wakati huo. Ndiyo sababu hiyo hiyo iliyoyafanya mabasi ya mijini na magari ya kusambaza bidhaa kuwa ya kwanza kuukumbatia umeme katika karne hii. Anayejua atalala wapi hababaishwi na urefu wa safari.

Lakini magari hayo yalikuwa ghali mno, na mseto ndio uliokuwa ghali kupindukia, kwa kuwa mnunuzi alilipia mitambo miwili badala ya mmoja. Lohner alichoka kumwaga fedha katika majaribio yasiyokoma ya mhandisi wake. Mnamo 1906 Porsche alihamia kampuni ya Austro-Daimler katika mji wa Wiener Neustadt, akiwa mhandisi mkuu. Wakati huo alikuwa ameoa. Mkewe, Aloisia Kaes, alimwoa mwaka wa 1903, wakajaliwa binti, Louise, na mwana, Ferry.

Miaka iliyofuata iliupiga umeme mapigo mawili mazito. Henry Ford alianza kuuza gari lake la bei nafuu la Model T mwaka wa 1908. Kisha mwaka wa 1912 kampuni ya Cadillac ikatoa gari la petroli linalowashwa kwa kitufe. Ni kinaya kwamba mota ndogo ya umeme, ya kuwashia injini, ndiyo iliyosaidia kuliua gari la umeme. Porsche mwenyewe akawa bingwa wa petroli: mwaka wa 1910 magari aliyoyabuni yalitwaa nafasi tatu za kwanza katika mashindano ya Prinz Heinrich, na usukani wa gari lililoshinda aliushika yeye.

Hata hivyo, hakuutupa mseto. Aliuhamisha tu, kutoka kwenye gari la abiria hadi kwenye gari la mizigo, na huko ndiko ulikoonyesha ubora wake.

Lori la kawaida linalokokota matrela mengi lina udhaifu mmoja: magurudumu yanayovuta ni yale ya lori lenyewe pekee. Likikutana na matope au mlima, magurudumu hayo huteleza na msafara wote hukwama. Porsche aliunda msafara ambao lori la mbele lilibeba injini na jenereta, huku kila trela likiwa na mota zake katika magurudumu, zikilishwa kwa waya. Kwa njia hiyo kila gurudumu lilijivuta. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia misafara hiyo ilibeba mizinga ya Škoda yenye midomo ya kipenyo cha sentimita 38 na 42, mizigo ambayo farasi wasingeliithubutu.

Palipokuwa na daraja dhaifu, lori lilitangulia peke yake, kisha matrela yakavushwa moja baada ya jingine kwa umeme uliofika kupitia waya mrefu. Aidha, magari hayo yaliweza kubadilishwa magurudumu yakapita juu ya reli. Kwa kazi hiyo chuo kikuu cha ufundi cha Vienna, kile kile alichokuwa akijipenyeza mihadharani, kilimtunuku udaktari wa heshima.

Mpangilio huo wa injini kuzalisha umeme na umeme kuzungusha magurudumu ndio uliotwaa reli za dunia. Garimoshi la Madaraka Express lililoanza safari kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017 huvutwa hivyo: dizeli huzungusha jenereta, na mota zilizo kwenye ekseli ndizo zinazovuta mabehewa. Malori makubwa ya migodini, yanayobeba mamia ya tani, mengi yana mpangilio huo huo. Penye mzigo mzito, uzito wa mtambo haukuwa tena kikwazo.

Hidrojeni, kwa upande wake, haikuwahi kupita mikononi mwa Porsche, ijapokuwa ilikuwapo kabla hajazaliwa. Isaac de Rivaz alipata hataza ya injini ya hidrojeni mwaka wa 1807, na William Grove wa Wales alionyesha mwaka wa 1839 kwamba hidrojeni na oksijeni zikikutanishwa zaweza kutoa umeme na kuacha maji. Ilipofika 1966, kampuni ya General Motors iliunda gari lililotumia seli za aina hiyo. Lilikuwa gari pana la mizigo, lakini matangi na mabomba yalilijaza hata pakabaki nafasi ya watu wawili tu.

Toyota Mirai, iliyotolewa mwaka wa 2014, ilifanikiwa kuyaficha matangi hayo chini ya viti. Mtu akilichunguza gari hilo ataona kwamba ni binamu wa Semper Vivus: mota ya umeme huzungusha magurudumu, betri ndogo husaidia, na mahali pa injini za petroli pamekaliwa na seli za hidrojeni. Linajazwa kwa dakika chache na kutoa maji badala ya moshi.

Tatizo liko kwingine. Kilo moja ya hidrojeni ina nishati takriban mara tatu ya kilo ya petroli, lakini gesi hiyo ni nyepesi kiasi kwamba ni lazima ibanwe kwa shinikizo mara 700 ya lile la hewa ndipo ienee katika tangi la gari dogo. Tena haichimbwi ikiwa tayari kama mafuta. Umeme ukitumiwa kupasua maji, gesi ikabanwa, ikasafirishwa, kisha ikageuzwa umeme tena ndani ya gari, takriban theluthi moja tu ya nishati ya awali ndiyo hufika kwenye magurudumu. Betri hufikisha zaidi ya theluthi mbili. Betri za sasa za lithiamu nazo hubeba nishati mara tano au zaidi ya zile za risasi, jambo ambalo Porsche angelilipa gharama yoyote kulipata. Kwa gari dogo la nyumbani, mizani imeelemea upande wa betri. Ushindani uliobaki ni wa malori ya safari ndefu, ambayo betri yake huwa na uzito wa tani kadhaa, na kila tani ya betri ni tani ya shehena iliyoachwa nyuma. Bw Hart wa Luton angeuelewa mjadala huo bila mkalimani.

Turudi kwa Porsche. Mnamo 1923 alihamia Daimler mjini Stuttgart, akaondoka kwa mizozo kama ilivyokuwa desturi yake, na mwaka wa 1931 akafungua afisi yake mwenyewe ya usanifu. Miongoni mwa washirika waanzilishi alikuwa Adolf Rosenberger, Myahudi na dereva hodari wa mashindano. Mwaka wa 1935, Wanazi wakiwa madarakani, Rosenberger alipokonywa nafasi yake katika kampuni kwa fidia ndogo, na mwaka huo huo akakamatwa. Alinusurika na kukimbilia ughaibuni. Porsche aliendelea na kazi.

Sura hii ya maisha yake haiwezi kupambwa. Mnamo 1934 alitia saini mkataba wa kuunda gari la bei nafuu ambalo Adolf Hitler aliwaahidi Wajerumani kwa bei ya marki 990. Mwaka wa 1937 alijiunga na chama cha Nazi, na baadaye akapewa cheo cha heshima katika kikosi cha SS. Wananchi wapatao 336,000 walinunua stempu za kuweka akiba wakisubiri magari yao. Vita vilipozuka kiwanda kiligeuzwa cha zana za kijeshi, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekabidhiwa gari.

Kiwandani humo, ambako Porsche na mkwewe Anton Piëch walikuwa viongozi, takriban watu 20,000 walifanyishwa kazi kwa shuruti wakati wa vita, wakiwamo wafungwa wa kambi za mateso. Katika makao ya watoto wachanga wa wanawake waliotumikishwa huko, yaliyokuwa Rühen, zaidi ya watoto 300 walikufa kwa uchafu na kutelekezwa. Wapo wanaomsawiri Porsche kama mhandisi asiyejua siasa. Lakini mtu aliyekuwa na njia ya kumfikia Hitler na Himmler moja kwa moja, na aliyeitumia kujipatia vibarua kutoka kambini, hawezi kutetewa kwa kisingizio cha kutojua.

Katika vita hivyo aliurejelea mseto kwa mara ya mwisho. Alibuni kifaru kizito ambacho injini zake mbili za petroli zilizungusha jenereta, na umeme ukazungusha minyororo. Injini zilichemka na kuharibika, na mfumo wenyewe ulidai shaba nyingi katika nchi iliyokuwa ikiihesabu shaba gramu kwa gramu. Mwaka wa 1942 muundo wa washindani wake, kampuni ya Henschel, ndio uliochaguliwa. Vyuma vya vifaru takriban 90 vilivyokuwa vimekwisha kuundwa viligeuzwa magari ya kuharibu vifaru, ya tani 65 kila moja, yakapewa jina la Ferdinand na kupelekwa katika vita vya Kursk mwaka wa 1943. Baada yake alibuni kingine, Maus, cha tani 188. Yule aliyeupunguza uzito wa betri kwa hesabu makini sasa aliunda madude yasiyoweza kupita juu ya daraja.

Mnamo Desemba 1945 Wafaransa walimkamata, na kwa takriban miezi 20 akazungushwa katika vizuizi, ikiwamo gereza la Dijon. Mwanawe Ferry, aliyeachiliwa mapema, alisanifu gari la mashindano la kampuni ya Italia ya Cisitalia, na malipo yake yakasaidia kumlipia baba dhamana. Mzee alitoka Agosti 1947, afya yake ikiwa imezorota. Baadaye mahakama ya Ufaransa ilimwondolea mashtaka.

Mwaka wa 1948 Ferry alizindua gari la kwanza lenye jina la familia, Porsche 356. Wakati huo Volkswagen, iliyofufuliwa chini ya usimamizi wa Waingereza, ilikuwa ikimiminika barabarani. Gari hilo lisilohitaji maji ya kupoza injini lilipendwa hata katika barabara mbovu za Afrika Mashariki, na lilishinda mbio za Safari Rally mara tatu, 1954, 1957 na 1962. La mwisho kati ya zaidi ya milioni 21 liliundwa Mexico mwaka wa 2003.

Porsche aliyaona magari hayo alipozuru Wolfsburg mwishoni mwa 1950. Muda mfupi baadaye alipatwa na kiharusi ambacho hakupona. Alizikwa katika kanisa dogo la shamba la familia, Zell am See, nchini Austria.

Kampuni inayobeba jina lake iliunda upya gari la Semper Vivus mwaka wa 2011 kwa kufuata picha na michoro ya kale. Miaka mitatu baadaye gari la Egger na Lohner la 1898, lililokuwa limesahauliwa ghalani nchini Austria kwa zaidi ya karne moja, liliwekwa katika makumbusho ya Stuttgart. Mwaka wa 2019 kampuni hiyo hiyo ikaanza kuuza Taycan, gari la umeme mtupu, ambalo betri yake ina uzito wa zaidi ya kilo 600.